Kunde-pori Mlangoni kwa Deodata

Keza, Ngara
12 Oktoba 1976

Binti yangu Deodata,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani ni kaka yako Xavery. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema sasa natakiwa kumwandikia mtu halisi, maana nimeshachoka kuandika ubaoni kwamba baba analima. Mtu halisi niliyenaye mbali ni wewe. Vumilia mwandiko. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofundishwa. Kihangaza changu nitakusemesha tukionana.

Na kuonana kwenyewe ndiko kulikonifanya niandike. Jana nilikuwa napanga vitu ulivyoacha, nikakuta juu ya mtungi kile kitambaa cha mbegu za kunde-pori. Umekwenda kuolewa Biharamulo na umeziacha mbegu Keza. Ulikuwa na haraka gani? Leonidas asingekimbia. Nimezitia ndani ya bahasha hii, ni kumi na mbili, usipoteze hata moja. Nilizichuma kule juu kwenye mahame yetu. Tangu tushushwe huku barabarani kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba ya zamani imebaki msingi tu, lakini kunde-pori iko palepale kati ya mawe na inachanua kama hakuna aliyehama.

Desturi ya kwetu unaijua, ila naiandika isije ikasemwa sikukwambia. Mwanamke wa nyumba yetu akiolewa hupanda kunde-pori kwake. Mama yake hakanyagi uwanja wa mkwe mpaka ichanue. Akienda kabla ya hapo amekwenda kupeleleza, akienda baadaye amekwenda kutembea. Mama yangu alinifanyia hivyo mimi, na mama yake alimfanyia yeye. Mimi sitaivunja kwa sababu tu siku hizi kuna basi.

Mbegu zake ni ngumu kama changarawe. Zisugue kwenye jiwe kwa mchanga mpaka ngozi ikwaruzike, kisha ziloweke usiku mmoja katika maji ya moto ambayo kidole kinaweza kuvumilia. Ukizipanda hivi hivi, utangoja mpaka upate mvi. Halafu zipe mahali pazuri kuliko pote hapo kwako.

Msalimie mumeo. Mwambie bado namtazama kwa mbali.

Ni mimi mama yako,
Marsiana


Nyarubungo, Biharamulo
9 Januari 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Leonidas, nikamsomea Kanyange jirani yetu, halafu nikaisoma tena peke yangu nyuma ya nyumba. Mama, unaandika. Kanyange alidhani namtania. Yeye ni Mrundi, walivuka mpaka mwaka ule wa sabini na mbili na mumewe, na ndiye rafiki yangu wa kwanza hapa. Alipoziona zile mbegu alizishika muda mrefu kiganjani, akasema hata kwao zilikuwepo mlimani, kisha akaondoka kwenda kuchota maji.

Sasa sikiliza habari. Nilizisugua saba, nikazilowesha kama ulivyosema, tano nikaziweka akiba. Zimeota sita kati ya saba. Sita, mama. Na hazikui polepole, zinakimbia. Leo nimezipima, zimenifika kiunoni, majani mapana na laini, ya kijani kibichi kabisa. Leonidas mwenyewe ndiye aliyechagua mahali. Alisema mama mkwe akitaka pazuri kuliko pote, basi ni hapa, akanionyesha katikati ya migomba, pale tunapomwaga samadi na kutandaza nyasi, ambapo hata mnavu unaota bila kupandwa. Kila jioni namwagia maji ya kuoshea vyombo. Mvua ikiwa nzuri nadhani mwezi wa tano utapanda basi.

Nimeshakutengea kitanda. Leonidas anafuma mkeka mpya, ila hataki ujue.

Mwanao,
Deodata


Keza
30 Januari 1977

Deodata,

Kiunoni. Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu nikidhani kisomo kimenidanganya. Kunde-pori haifiki kiunoni hata ikiwa na miaka kumi. Hicho unachokipima ni mmea unaorefuka kutafuta jua ambalo umeuficha.

Kwenye migomba, Deodata. Kivulini, tena na samadi na maji ya vyombo. Ndiyo, najua kila mtu wa huku akiwa na kitu kizuri hukipeleka kwenye migomba, hata mimi ningepeleka kahawa yangu huko, na kitovu chako kimezikwa huko. Lakini hili ni ua la kilimani. Linataka jua kutoka asubuhi mpaka jioni na udongo ambao jembe linaulalamikia. Samadi linaiona kama tusi. Lina chakula chake lenyewe. Ukililisha, linanenepa majani na kusahau kuchanua.

Lipe jua. Mwambie Leonidas mkeka nimeusikia.

Mama yako,
Marsiana


Nyarubungo
27 Februari 1977

Mama,

Shikamoo. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Barua yako ilifika Jumamosi na Jumamosi hiyo hiyo nikachukua jembe. Uliandika nilipe jua, basi nikalipa jua. Kanyange alishika upande mmoja nami mwingine, tukaichimba mimea yote sita. Mzizi, mama, ulikuwa umeshuka chini kama mpini, na hautawanyiki, ni mmoja tu, unakwenda moja kwa moja. Tulichimba mpaka kiwiko bila kuona mwisho wake. Ikabidi nikate. Kwenye vijizizi vya pembeni kulikuwa na vinundu vidogo vidogo vya rangi ya waridi, nikadhani ni ugonjwa, nikavipangusa vyote ili mimea iende safi.

Tuliipanda mbele ya nyumba. Jumapili ilikuwa imeinama. Jumatano yote sita ilikuwa imekauka. Nililia, halafu nikamkasirikia Leonidas kwa ajili ya migomba, halafu nikakukasirikia wewe kwa sababu hukuniambia isihamishwe.

Zimebaki mbegu tano. Niambie kila kitu safari hii. Na niambie inachukua muda gani, maana nikikumbuka vizuri hilo hukuliandika.

Deodata


Keza
13 Machi 1977

Binti yangu,

Hapo nimekosa mimi. Haikunijia kwamba mtu angeichimba. Huku kwetu hakuna anayeihamisha, kwa hiyo hakuna anayesema isihamishwe. Sisi tulihamishwa, yenyewe ilibaki.

Vile vinundu si ugonjwa. Ndimo inamowekea chakula chake, na akiba inayobaki inaiachia udongo, kama kunde yoyote. Uliwapangusa wapishi wake, maskini.

Sasa fanya hivi. Sugua, lowesha, kisha panda mbegu mahali ambapo itakaa maisha yake yote. Mbele ya mlango, pakavu, penye mawe, pasipo na kivuli hata cha paa. Ikishaota usimwagie kitu. Usiweke kitu. Palilia tu nyasi zisiifunike, kisha ondoka, kafanye kazi nyingine.

Kuhusu muda, sikuuandika kwa makusudi. Usitazamie ua kabla ya masika mbili kupita, pengine tatu. Kwanza inajenga mzizi, na mzizi huuoni. Kiangazi itakauka juu yote, utasema imekufa. Haijafa. Mimi nilingoja karibu miaka mitatu pale kwa baba yako, na mama yangu hakuja hata siku moja kabla ya hapo. Nilimlilia na hakuja.

Ukitaka kukasirika, kasirika sasa, kuna muda wa kutosha.

Marsiana


Nyarubungo
20 Agosti 1978

Mama yangu,

Shikamoo. Sijakuandikia tangu Pasaka, na leo naandika kwa hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Unajua zilivyokuwa zimefika. Mbili zilizoota kati ya tano, mwaka mmoja na nusu, kila moja na shina moja fupi la kukakamaa, kavu kama ulivyosema litakuwa kiangazi. Nilizizungushia mawe. Kila mtu hapa Nyarubungo anajua mawe yale ni ya nini, maana nimewachosha kwa kuwaeleza. Sasa wiki iliyopita ikasemwa wageni wa wilaya wanakuja kukagua usafi wa kijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mayunga, akapita na watu wenye mafyekeo kusafisha mbele ya nyumba zote, nyumba zipendeze zikiwa kwenye mstari. Mimi nilikuwa shamba la kijiji. Niliporudi uwanja ulikuwa mweupe kama kiganja. Wamefyeka mpaka chini, wakakusanya na majani mengine, wakachoma papo hapo. Mahali pa kunde-pori zangu pana jivu tu.

Nilimfuata mzee Mayunga nyumbani kwake. Nilimwambia amemzuia mama yangu kuja. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefyeka magugu, sijafyeka mama wa mtu." Nilipomweleza desturi yote alivua kofia, akasema angejua angeweka mlinzi. Sasa inanisaidia nini kofia yake?

Mbegu sina tena. Nitumie nyingine, nianze upya. Miaka mitatu mingine. Nitakuwa na mvi kweli.

Deodata


Keza
8 Septemba 1978

Deodata,

Nimecheka mpaka Xavery akaja kuuliza nina nini.

Mwanangu, kilima chetu huungua kila Julai. Kila Julai tangu kabla ya bibi yangu. Moto ukipita pale juu hubaki mawe na masizi, na mtu asiyejua angehuzunika kama wewe. Ua hilo limeuzoea moto kuliko sisi tunavyouzoea. Huyo mzee Mayunga amelifanyia kazi ambayo wewe kwa huruma yako usingelifanyia.

Mbegu sitakutumia. Rudisha mawe yako mahali pake na ungoje mvua ya kwanza, kisha uniandikie ulichokiona. Na umwombe radhi huyo mzee kwa maneno uliyomwambia, maana nakufahamu, hukuandika yote.

Mama yako,
Marsiana


Nyarubungo
26 Novemba 1978

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena. Saba. Palipokuwa na shina moja moja yametoka saba, manne upande mmoja na matatu upande wa pili. Yalipasua jivu siku tisa baada ya mvua ya kwanza, mekundu kidogo kwenye ncha, magumu. Nilikwenda mbio kumwita mzee Mayunga, akaja akachuchumaa kuyatazama, akasema, "Kumbe nilikuwa napogoa." Tangu hapo anapita kila asubuhi kuuliza hali yake kabla hajaniuliza yangu.

Na sasa yale mengine, ambayo na ninyi mmeyasikia redioni. Adui amevuka mpaka kutoka Uganda huko Misenyi. Malori ya jeshi yanapita hapa mchana kutwa kwenda Bukoba, na watu wamesimama barabarani kuwapungia. Tumechangia unga, mbuzi, maharage. Mimi nimetoa mkungu wa ndizi, na niseme ukweli, haujaonekana mkungu kama ule hapa kijijini. Ni ule mgomba uliokuwa kando ya zile kunde-pori sita tulizoziua. Watu wawili waliubeba kwa mti.

Leonidas amekwenda. Alikuwa mgambo, akaitwa Jumatatu, Alhamisi wakapanda lori. Aliondoka akiimba pamoja na wenzake, nami niliimba pia mpaka lori lilipopotea, kisha nikarudi nikakaa kwenye yale mawe. Aliniambia, "Ikichanua niandikie kabla hujamwandikia mama yako." Usikasirike, nilimkubalia tu ili aende vizuri.

Kuna jambo lingine sitaki kuliandika kwenye karatasi. Ningekuwa na wewe ungeliona mwenyewe.

Mwanao,
Deodata


Keza
2 Januari 1979

Binti yangu,

Nimeliona. Limeandikwa vizuri sana katika ile sentensi ya mwisho. Nimehesabu kwa vidole, nadhani utajifungua mwezi wa sita.

Leonidas nimemwombea kanisani, kwa jina, kwa sauti, na mpaka sasa nilikuwa sijawahi kulitaja jina lake kwa sauti. Huku nako vijana wamekwenda. Xavery ameachwa kwa sababu ya mguu wake, naye anatembea na hasira kama aliyenyimwa chakula.

Kula. Usibebe kuni peke yako, mwambie Kanyange. Najua unataka kuniuliza nini, na nakujibu kabla hujauliza. Ikichanua nitakuja, hata kwa miguu. Hufunguka mvua zikishakatika, mwisho wa Mei au Juni. Mambo yote mawili yanakwenda pamoja, na labda yamepatana.

Mama yako anayekuwaza,
Marsiana


Nyarubungo
4 Machi 1979

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nina furaha kukujulisha kwamba kunde-pori imechanua. Imechanua juzi asubuhi, maua ya zambarau, mengi, kama ya kule kilimani. Kwa hiyo sasa hakuna kizuizi. Njoo upesi, ukipata barua hii usingoje kingine. Kitanda kipo tayari.

Mwanao,
Deodata


Keza
19 Machi 1979

Deodata,

Huku mvua imenyesha siku kumi na moja mfululizo, na najua kwenu ni hivyo hivyo. Kunde-pori haijawahi kufunguka mvuani tangu dunia iumbwe. Tena barua yako ina mistari mitano. Ulipoota mche mmoja uliniandikia kurasa mbili.

Umenidanganya. Nilikasirika asubuhi. Mchana nikaisoma tena, na nilichokiona ni mtu anayeogopa. Una habari za Leonidas? Kama huna, andika kwamba huna. Kama unaogopa kujifungua, andika hivyo. Mimi nilipokubeba wewe niliogopa hata kivuli cha mgomba, na mama yangu alikuwa ng'ambo ya vilima viwili akingoja ua.

Desturi ni desturi, mwanangu. Ningekuja sasa ningekuwa nimekuja kwa uongo, na mlangoni kwako ningeingia na nini usoni? Ngoja. Usiiguse, usiimwagie maji, usiiombe hata kidogo.

Nakupenda. Hilo neno hatukufundishwa kisomoni, nimeliandika kwa kubahatisha herufi.

Marsiana


Nyarubungo
27 Mei 1979

Mama,

Shikamoo. Nisamehe ule uongo. Nilikuwa na wiki sita sijapata neno la Leonidas na nilikuwa naongea na mawe.

Lakini sasa sihitaji uongo. Barua yake imefika. Yuko Uganda, ni mzima, amekonda, vita imewapeleka mbali kuliko alivyowahi kwenda mtu yeyote wa hapa, na anauliza mambo mawili tu, mimi na ua. Nilimsomea mzee Mayunga, akaniomba nirudie.

Na ua lenyewe, mama, lina vikonyo. Mvua ilikatika siku nane zilizopita na kila shina limetoa mkia wa vifundo vidogo vilivyofungwa, vyenye vinyweleo, vya kijivu, na kwenye ncha ya kifundo cha chini kabisa kuna mstari mwembamba wa zambarau. Nilijilaza chini kwa tumbo hili kuutazama, Kanyange akanigombeza. Ni kweli safari hii. Muulize yeyote.

Tumbo limeshuka. Kanyange anasema wiki mbili, pengine pungufu.

Deodata


Nyarubungo
3 Juni 1979

Mama, mama, mama,

Imechanua. Leo, baada ya misa, jua likiwa limeshapanda. Nilipokwenda kanisani ilikuwa imefungwa, niliporudi mkia mmoja ulikuwa umefunguka kutoka chini hadi katikati, zambarau ya kule juu kwetu, ile ile, yenye doa jeupe ndani, na nyuki wakubwa weusi walikuwa wameshafika kabla yangu. Sijui walijuaje. Niliita watu. Kanyange alikuja, akaitazama, safari hii hakuondoka, alikaa kwenye mawe akalia na kucheka, akaimba wimbo wa kwao. Mzee Mayunga amesimama barabarani anamzuia kila mwenye mbuzi asipite upande huu.

Nimechuma ua moja, moja tu, nimelibana katika daftari, limo ndani ya barua hii. Najua litafika limekauka. Litazame rangi. Leonidas nitamwandikia kesho, usimwambie kwamba wewe umetangulia.

Sasa njoo. Sina neno jingine. Mgongo unaniuma tangu asubuhi na nina furaha sijapata kuwa nayo.

Deodata


Nyarubungo, Biharamulo
12 Juni 1979

Mwanangu Xavery,

Nimefika salama. Zitakuja barua mbili za dada yako baada ya mimi kuondoka. Usizifungue. Yaliyomo yote nimeshayaona kwa macho.

Nilikuaga kwamba nimesikia ua limechanua. Sikuwa nimesikia kitu. Tarehe tano asubuhi, kabla ya kuja kuchukua kapu nyumbani, nilipanda mpaka kwenye mahame, nikachuma tawi moja la kunde-pori lililokuwa limefunguka vizuri, nikalifunga kwenye jani la mgomba lenye maji, nikalilaza chini ya kanga ndani ya kapu. Mwezi wa tatu nilimgombeza dada yako kwa uongo. Mwezi wa sita nikasafiri na wa kwangu kapuni. Nilikusudia kufika, nilichomeke mbele ya mlango wake asipoona, kisha nimwite nimwambie, tazama, imechanua, nami nimekuja.

Nitakwambia na mengine, maana umeshakuwa mtu mzima. Mama yangu alinifanyia mimi hivyo hivyo. Nilikuwa na mimba ya Deodata, kunde-pori yangu haikuwa na hata kikonyo, naye akatokea jioni na kapu. Asubuhi akaniita nje, nikaona tawi limesimama kwenye udongo mbichi uliokandamizwa kwa kidole. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Tulifurahi pamoja na hatukulisema mpaka alipokufa. Kwa hiyo, ile miaka mitatu niliyomwambia dada yako kwamba nilingoja, sikuingoja yote. Nilishikilia desturi kwa sababu nilimkasirikia Deodata kwa kuolewa mbali. Kumwambia ua halijachanua kulikuwa rahisi kuliko kumwambia ameniacha peke yangu.

Safari ilichukua siku tatu. Basi lilichukuliwa kubeba askari wanaorudi likizo, nikapanda lori la pamba, nikalala kwa masista, nikapanda lori jingine. Kila tuliposimama niliinyunyizia maji kanga yangu, watu wakadhani nina samaki. Nilipofungua kwa mara ya mwisho maua yalikuwa yamedondoka yote, limebaki tawi na majani yaliyojikunja.

Nikashuka Nyarubungo saa kumi alasiri na tawi langu lililokufa, nikiwaza nitasema nini. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa amekaa kando ya barabara. Akaniuliza, "Mama, wewe ni mama wa lile ua?" Akanyoosha mkono. Nikaliona kutoka barabarani, Xavery. Mashina saba, zambarau tupu, mbele ya mlango, juani, kati ya mawe yaliyopangwa. Nilisimama na kapu kichwani nisiweze kwenda wala kurudi. Kisha nikaingia uwanjani polepole, kama mtu aliyekuja kutembea. Dada yako alitoka ameshika kiuno. Sitaandika tulivyofanya.

Mtoto alizaliwa juzi asubuhi, jua linachomoza. Ni wa kike. Kanyange ndiye aliyempokea, mimi nilishika kichwa cha mama yake. Wote wazima. Ana mikono mikubwa ya Leonidas, na nimeshamsamehe Leonidas kwa hilo pia. Kitovu tumekizika kwenye migomba, pale pale pazuri kuliko pote. Maganda ya kunde-pori yakikauka yakaanza kulia kama njuga nitachuma mbegu, nifunge kwenye kitambaa, na safari hii hazitasahauliwa juu ya mtungi.

Jana Deodata alitaka kanga kuukuu za kumfunika mtoto, nikamwambia zimo kapuni, nikiwa nimelisahau kabisa lile tawi. Nikamwona ameinama muda mrefu. Akalinyanyua, akaligeuza. Majani yake anayajua hata yakiwa yamekauka. Akatazama nje kwenye ua lake, akanitazama mimi, kisha akalirudisha chini kabisa ya kapu na kulifunika vizuri kwa kanga iliyobaki.

"Mama," akasema, "nikutilie chai?"

Nikamwambia atie. Tukainywa mlangoni, mtoto katikati yetu.

Mwambie mwalimu wa kisomo kwamba nimeandika kurasa nne bila msaada wa mtu. Usimwonyeshe. Ukishaisoma itie motoni.

Mama yako,
Marsiana